Safari ya Toronto: ni saa 14, saa 15 au saa 23?

MASWALI YA SAFARI

*Bibi, asalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watano, nakaa Wete. Kijana wangu wa tatu amepata nafasi ya kusoma Toronto, Kanada, na tikiti ameshaletewa. Anaondoka Unguja Jumamosi ya mwezi wa Januari na anapitia Istanbul. Yeye mwenyewe ameitazama tikiti akaniambia, "Mama, ni saa 15 tu." Mpwa wangu akafungua simu, akaandika Zanzibar na Toronto, ikamjibu saa 14. Jirani yangu, ambaye mkwewe yuko hukohuko, anaapa kuwa ni saa 23. Mkweli ni nani? Nataka kujua lini nianze kuingoja simu yake, na lini nianze kuingiwa na khofu. Nyuma ya barua nimekunakilia tikiti yote.*
*Mama wa Wete*

Waalaykum salaam, dada yangu, na hongera ya kijana. Wote watatu wamesema kweli, ila kila mmoja amejibu suala lake. Simu imejibu kuhusu umbali. Kijana amejibu kuhusu maandishi ya tikiti. Jirani yako ndiye aliyejibu ulichokiuliza wewe: mtoto atakuwa njiani muda gani. Nimekata tikiti miaka 31 katika ofisi moja ya Mji Mkongwe, na suala hili nimeulizwa na akina mama wengi kuliko wasafiri wenyewe, kwa hiyo niwie radhi nikijibu kwa urefu.

Tuanze na simu ya mpwa wako. Nyumbani nina tufe la dunia, lile la kuzungusha kwa kidole, kipenyo chake sentimita 30. Jana nilichukua uzi wa cherehani, ncha moja nikaibana kwa ukucha juu ya Unguja, nyengine nikaipeleka Toronto, nikauvuta mpaka ukakazana. Ukatoka sentimita 30, sawa na kipenyo cha tufe lenyewe. Mzunguko wa dunia ni kilomita 40,000 na mzunguko wa tufe langu ni sentimita 94, basi kila sentimita moja ni kilomita 425 hivi. Zidisha kwa 30, unapata 12,750. Hesabu ya latitudo na longitudo inatoa kilomita 12,780 hivi. Uzi wa cherehani haukunitupa mbali.

Tazama na njia uzi unakopita. Ukichukua rula ukaiweka kwenye ramani ya ukutani, ile iliyobandikwa madarasani, itakupitisha Kongo na Nigeria mpaka pwani ya Mauritania. Uzi haufuati njia hiyo. Unatoka Unguja kuelekea kaskazini magharibi, unapita juu ya Uganda, unaikata Chad, unavuka jangwa la Aljeria, na nusu ya safari unaifikia Moroko. Hapo ndipo unapoingia Bahari ya Atlantiki. Dunia ni mviringo, na njia fupi juu ya mviringo ukiichora kwenye karatasi huonekana imepinda. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya jambo hili mpaka chai ikapoa.

Sasa ndege kubwa ya abiria ikishapanda juu huenda kiasi cha kilomita 900 kwa saa. Gawa 12,780 kwa 900, unapata saa 14 na dakika chache. Ndivyo simu ilivyofanya, wala haikusema uongo. Ila imempandisha mtoto kwenye ndege ambayo haipo. Hakuna ndege inayotoka Unguja ikatua Toronto bila ya kusimama. Na sababu si umbali, kwani ndege zinaruka kutoka Singapore hadi New York, kilomita 15,300 hivi, zaidi ya saa 18 hewani bila ya kutua. Sababu ni abiria. Kutoka kisiwani kwetu hawapatikani watu mia tatu kila siku wenye safari ya Toronto, kwa hiyo hukusanywa pamoja na wa Nairobi, wa Karachi na wa Cairo kwenye mji mmoja wa katikati, halafu wakapakiwa pamoja. Ni kama gari ya Wete inavyokushusha Chake ukapanda ya Mkoani.

Kila kituo kina umbali wake. Unguja hadi Istanbul ni kilomita 5,390, na Istanbul hadi Toronto ni 8,170, jumla 13,560. Wapo wanaopitia Addis Ababa, na hao njia yao ndiyo iliyo karibu zaidi na uzi wangu, kilomita 13,190 hivi. Wanaopitia Doha hufanya kama 14,630, kwa kuwa wanakwenda mashariki kwanza ndipo warudi magharibi. Usimbabaishe kijana wako kwa hesabu hizi, tikiti yake ni nzuri. Kilomita elfu moja angani ni saa moja na kidogo, na kituo ambacho ukisubiri unapata pa kukaa na pa kusali kina thamani kuliko hiyo saa moja.

Tikiti sasa. Kama ulivyoinakili, anaruka Unguja 03:00 na kufika Istanbul 10:10. Anaondoka Istanbul 15:05 na kufika Toronto 17:55. Zote zimeandikwa Jumamosi. Kijana alichukua 17:55 akatoa 03:00, akapata saa 14 na dakika 55, akasema ni 15. Alilolisahau ni kwamba kila saa iliyoandikwa kwenye tikiti ni ya mji ule ule uliotajwa. Ile 03:00 ni ya kwetu, na ile 17:55 ni ya Toronto. Hizo ni saa mbili za ukutani, kila moja ina ukuta wake, na mtu hatoi moja katika nyengine kama anavyotoa chenji.

Istanbul imemrahisishia, kwa sababu tangu mwaka 2016 Uturuki haibadilishi tena saa zake, na saa yao ni moja na yetu mwaka mzima. Kwa hiyo 03:00 mpaka 10:10 ni saa 7 na dakika 10 kamili za kuruka. Kutoka 10:10 mpaka 15:05 ni kukaa kituoni, saa 5 kasoro dakika tano. Kinachobaki ni kipande cha pili. Toronto wakati wa baridi iko nyuma yetu kwa saa 8. Inapogonga 17:55 kwao, kwetu ni 01:55 ya Jumapili. Kutoka 15:05 mpaka 01:55 ni saa 10 na dakika 50. Jumlisha vyote: saa 22 na dakika 55. Mpe jirani yako salamu zangu.

Nimewafundisha hivi vijana wote waliopita mezani kwangu: safari nzima ihesabu kwa saa moja tu, nayo ni ile ya ukutani kwenu. Kila kilichoandikwa kwenye tikiti kigeuze kwanza kiwe cha Wete, ndipo utoe na kujumlisha. Angalia pia majira, kwa kuwa Kanada wao hubadilisha. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, Toronto huwa nyuma yetu kwa saa 7, si 8.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukuniuliza, na ndilo lililonifanya barua yako niitangulize mbele ya zote. Ile 03:00 ya Jumamosi.

03:00 ni saa tisa za usiku. Ya usiku gani? Ni usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Kijana wako anatakiwa awe uwanjani Kisauni Ijumaa, saa sita za usiku, yaani kabla Jumamosi haijaanza kwa saa za tikiti. Mkisema "anaondoka Jumamosi usiku", mkakaa Jumamosi mchana kutwa mnapika na kuagana, mtafika Kisauni ndege ishatua Istanbul na kuondoka tena.

Bibi zetu walilijua jambo hili kuliko sisi. Kwao usiku hutangulia mchana. Jua likishazama Ijumaa, ule ni usiku wa kuamkia Jumamosi, na mwezi huandama magharibi kwa hesabu hiyohiyo. Tikiti ya saa tisa za usiku inaafikiana kabisa na bibi: usiku ule ni wa Jumamosi. Ni sisi wa leo, tuliozoea kusema "Jumamosi usiku" kwa usiku unaofuata mchana wa Jumamosi, ndio tunaokosa. Ila nako kuna mtego wake, maana ndege ya 23:40 Ijumaa, bibi angeiita ya usiku wa Jumamosi, na tikiti itaiita ya Ijumaa. Kwa hiyo mimi nimeacha kusema "usiku" peke yake. Nasema "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi", maneno yote, hata kama anayenisikiliza ni rubani.

Nilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1989 nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Mzee mmoja kutoka Jambiani alikuwa akenda Bombay kutibiwa moyo. Ndege yake ilikuwa ya saa 01:15, Jumatano, kutoka Dar es Salaam. Nikamwambia kwa mdomo, "Jumatano saa saba na robo usiku, mzee wangu," na nikampa tikiti ndani ya bahasha. Hakuna aliyeifungua ile bahasha mpaka siku yenyewe. Jumatano magharibi alifika Dar amevaa kanzu mpya, na mkewe, na wanawe, na jamaa waliotoka Kariakoo kuja kumsindikiza. Ndege ilikuwa imeshaondoka tangu usiku uliopita. Alikaa siku nane kwa watu kungoja nafasi nyengine, na moyo ule ule. Alhamdulillah akenda, akatibiwa, akarudi, na hata mara moja hakunilaumu. Mimi bado namuona mkewe kwenye lile benchi, chupa ya chai mapajani, haelewi kwa nini ndege imewaacha nao wamewahi. Tangu siku hiyo sikumpa mtu tikiti bila ya kumuandikia kwa mkono juu ya bahasha: uwe uwanjani siku fulani, saa fulani kwa Kiswahili, kabla hujalala. Mfanyie mwanao hivyohivyo. Andika kwa kalamu nene, bandika mlangoni.

Kutoka Wete hadi Kisauni nako ni safari. Ukichukua ndege ya Chake, ni kilomita kama 125 na nusu saa hewani, lakini nyingi ya ndege zile ndogo zinaruhusu kilo 15 za mzigo, na mwanafunzi wa Kanada hana kilo 15. Ningekuwa mimi, mabegi yangepanda boti pamoja na ndugu wa kuaminika, na kijana mwenyewe angevuka Alkhamisi, si Ijumaa. Bahari ikichafuka Ijumaa hutakuwa na siku ya akiba. Akilala Unguja usiku mmoja, Ijumaa ataswali msikitini na jamaa zake, jioni atapumzika, saa tano za usiku atatoka kwenda uwanjani hana haraka. Sweta na koti vikae kwenye begi la mkononi, si kwenye lile linaloingia tumboni mwa ndege, kwa kuwa Januari Toronto ni chini ya sifuri na baridi humpokea mtu mlangoni kabla ya mzigo wake.

Na simu, dada yangu. Ndege inatua saa nane kasoro dakika tano za usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, kwa saa ya Wete. Asikupigie muda huo, wala usimngoje. Kuna foleni ya uhamiaji, na mwanafunzi mpya huulizwa karatasi zake za chuo na kupewa kibali cha masomo palepale. Kuna kungoja mabegi. Mpe saa mbili. Akitoka nje itakuwa karibu saa mbili za usiku kwao, na kwako saa kumi za alfajiri. Wewe lala. Weka simu karibu na mto, uamke kuswali Alfajiri, ndipo uitazame. Ikiwa haijaingia mpaka jua kuchomoza Jumapili, mwambie mpwa wako aandike namba ya ndege kwenye ile simu yake, atasoma kama imetua na saa ngapi. Na Istanbul je? Atafika saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, kwa saa yako na kwa saa yake. Hapo ndipo umwambie akutumie neno, kwa kuwa viwanja vikubwa vina intaneti na atakuwa na muda wa karibu saa tano. Utakuwa umekata khofu vipande viwili.

*Bibi, shikamoo. Kaka yangu yuko Kanada. Anasema kwenda kutoka Istanbul alikaa hewani karibu saa 11, na kurudi hata 10 hazikutimia, njia ni ileile. Hapa kijiweni tumegawana makundi mawili. Wengine wanasema ni kwa sababu dunia inazunguka. Nami nauliza, ikiwa dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa nini ndege isipande juu tu ikangoja Toronto ije chini yake?*
*Kijana wa Mkoani*

Marahaba, mwanangu. Siku ukipanda boti kuja Unguja, chukua chungwa, lirushe juu ukiwa umesimama ndani, boti iko mbioni. Litarudi mkononi mwako, halitaangukia abiria wa nyuma. Chungwa lilikuwa linakwenda na boti hata kabla hujalirusha. Ndege nayo, na hewa inayoibeba, zinazunguka pamoja na dunia tangu ardhini. Toronto haitakuja chini yake hata ingoje mwezi mzima.

Kilichomharakisha kaka yako ni upepo, na wewe mtu wa Mkoani hukupaswa kuambiwa mara mbili. Babu zako walingoja kaskazi kupokea majahazi ya Uarabuni na wakangoja kusi kuyarudisha. Huko juu nako, kiasi cha kilomita 10 kutoka ardhini, kuna pepo kali zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa katika nchi za baridi. Tofauti na zetu, hizo hazigeuki na majira. Mwaka mzima zinaelekea upande mmoja, ila wakati wa baridi huzidi nguvu, na si ajabu zikapita kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda Toronto anapigana nazo, anayerudi zinambeba. Mwezi wa Februari 2020, dhoruba waliyoiita Ciara ilipoipiga Ulaya, ndege ya abiria ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida ni zaidi ya saa 6. Injini zilikuwa zilezile. Ilipata tanga zuri.

Kwa hiyo mtu akikwambia ndege inachukua saa kadhaa kutoka mji fulani hadi mji fulani, muulize: kwenda au kurudi? Na mwezi gani?

*Muscat ni mbali kiasi gani kutoka hapa? Babu yangu akenda kwa jahazi, nami mwaka huu nataka nikawaone jamaa kabla sijafa. Niambie kwa kilomita, ile ya maili siielewi.*
*Mzee wa Chake Chake*

Shikamoo mzee wangu. Kwa hewa ni kilomita 3,900, na kutoka Unguja utakaa juu kama saa 5 na dakika 20. Saa ya Muscat iko mbele yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo ukitua, ongeza moja kwenye saa yako na huna hesabu nyengine.

Jahazi la babu lilikuwa likipata upepo mzuri huenda fundo tano, na fundo moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852. Hiyo ni kama kilomita 220 kwa usiku na mchana. Hata kama angekwenda kwa njia ya ndege, iliyonyooka, na asisimame popote, ni siku 18. Na jahazi halinyooki. Hufuata pwani, hutia nanga kwa maji na biashara, hungoja upepo. Akifika salama baada ya mwezi, alikuwa amekwenda vizuri. Nenda, mzee, wala usiahirishe tena. Omba kiti cha upande wa njia ndani ya ndege, usimame kila baada ya saa moja na unyooshe miguu, damu isilale.

*Nitasafiri mchana wa Ramadhani kuelekea magharibi. Nifuturu kwa saa ya Unguja au ya ninakokwenda?*
*Dada wa Mwanakwerekwe*

La fiqhi muulize shekhe wako, na atakukumbusha kwamba msafiri ameruhusiwa kula na akalipa siku nyengine. Mimi nakupa hesabu ya jua. Hapa kwetu, karibu na ikweta, ardhi inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,660 kwa saa, hakuna ndege ya abiria inayoshindana nayo. Lakini ukipanda juu mpaka usawa wa Uskoti, kwenye latitudo ya 57, mzunguko unakuwa mdogo na kasi inashuka hadi 910 hivi. Hiyo ni kasi ya ndege yako! Ukiruka magharibi huko, jua linakaa palepale dirishani, halishuki wala halipandi. Kwa hiyo wanaofunga na kungoja jua wanaloliona kwa macho wanaweza kungoja saa nyingi kuliko walivyozoea, na saa ya Unguja mkononi ishapita magharibi zamani. Mwambie shekhe hivyo hasa, ajue anajibu nini. Ukirudi mashariki inakuwa kinyume chake, jua linakukimbilia na futari inakuja mapema.

*Naitwa kiongozi wa darasa, Skuli ya Msingi, Kengeja. Mwalimu ametuuliza, kutoka Zanzibar upi uko mbali zaidi, Cape Town au Doha? Darasa zima tumesema Cape Town kwa sababu iko mwisho wa Afrika.*

Hujambo mwanangu. Mwalimu wenu amekutegeni vizuri sana, nami nampongeza. Cape Town ni kilomita 3,745 na Doha ni kilomita 3,750. Umbali ni mmoja! Mmoja uko kusini magharibi, mwengine kaskazini, na sisi tuko katikati yao kabisa. Usinisadiki kwa kuwa nimeandika. Kama skuli yenu ina tufe la sentimita 30, chukueni uzi, mbane ncha juu ya Unguja, muuvute mpaka Doha na mtie alama kwa wino. Itakuwa karibu sentimita 9. Halafu bila ya kuutoa ule ukucha, uzungusheni uzi hadi Cape Town, muone ile alama inaangukia wapi. Mkimaliza, pimeni na Cairo, ambayo wengi huidhani karibu kuliko Cape Town, mniandikie mmepata nini.